Kichagga cha Zizini

Bibi muuza maziwa wa Mwika hukiacha Kichagga chake zizini. Akiwa anamkatia ng'ombe mgomba, humsimulia misiba ya kijiji, humgombeza, humbembeleza. Kisha hufuta viganja kwenye kitenge, na akivuka mlango na ndoo yake, ulimi umeshageukia Kiswahili. Ndivyo alivyowalea wanawe, wasije wakachekwa mjini. Na kweli, mjini hawakuchekwa.

Krismasi hii mwanawe Efraimu alipanda kutoka Dar na binti yake mdogo, ambaye tangu wafike alishinda mlangoni mwa zizi akimsikiliza bibi yake. Ibada ilipokwisha, wazee walipompa mkono, mtoto hakusema shikamoo. Kwa fahari aliwasalimu kwa Kichagga, kwa ukali uleule wa bibi: akawaamuru wasogee, wainue mguu, wakamuliwe. Uwanja mzima wa kanisa ukaangua kicheko. Bibi hakucheka, alikuwa akifuta viganja vikavu kwenye kitenge. Efraimu alicheka kuliko wote, mpaka akashika mbavu. Kisha akamwinamia mama yake, akamnong'oneza, "Mama, kwani amesema nini?"