Jembe la Kulaza Mlangoni

Enzi zetu mtoto hakusema "na mimi nimo." Jembe lake ndilo lilisema.

Nililetwa Sop Sop, upande wa Uganda, nikiwa mdogo, kutoka Busia upande wa Kenya, nikae na shangazi aliyeolewa huko. Wasichana walikuwa na kundi la kupalilia: leo shamba la huyu, kesho la yule, mchana mnakula pamoja ugali wa wimbi, vidole vyote kwa mchuzi mmoja wa karanga. Harufu ile ilinifikia pale uani. Nilitaka sana kuingia.

Nikamwambia Nyaketcho, mkubwa wao, "Kesho na mimi nakuja." Akasema, "Haya." Kwetu Busia mgeni anangoja aitwe. Asubuhi nimeoga, nimejipaka mafuta, nangoja. Wakapita wakiimba, hakuna aliyegeuza shingo. Nikalia.

Shangazi, na sauti yake ya kufukuza mwewe, akanicheka: "We mtoto wa Busia, maneno yako nani atayabeba kwenda nayo shamba? Jioni peleka jembe, lilaze mlangoni kwa mwenye shamba. Ukishalaza, umo!"

Jembe lililobaki lilikuwa limelika, dogo kama kijiko. Nikalilaza hivyo hivyo. Asubuhi Nyaketcho akaliinua, akaongea kwa pua: "Hii ni ya kulima ama ya kukoroga uji?" Wakacheka mpaka wakashika magoti. Halafu akanipa mstari kando yake. Mchana nilikula.

Siku hizi wajukuu wana Kizungu. Juzi nilisema karanga zangu zimezidiwa na majani. Mjukuu wangu Othieno, wa bodaboda huko Tororo, akapiga simu, sauti nzito kama mbunge: "Jajja, bibi yangu, kaunti mi in!" Nikauliza, ndiyo nini? "Ni kusema unihesabu, na mimi nimo." Wenzake wakapokezana simu, kaunti mi in, kaunti mi in, kama vyura wa mvua. Nikaazima sufuria kubwa.

Jioni nikatoka kufungia kuku. Mlangoni jembe moja limelazwa, mpini mweusi kwa kushikwa. La Nyaketcho, ambaye mgongo wake siku hizi haunyooki.

Asubuhi tukapalilia wawili tu, pole pole. Tunakula, Othieno akapiga simu. Nyaketcho akauliza kwa pua ile ile, "Na huyo yumo?"

"Yumo. Ndani ya simu."

Tukacheka, halafu tukaiangalia ile sufuria: chakula cha kundi zima, na vidole vya wazee wawili.