Mbavu za Mzee Asiyekula Nyama

Nicheke mimi kwanza, kisha wewe. Juzi shule yetu hapa Ruiri ilimkumbuka marehemu mzee Mhindi aliyeijenga, nami nikapewa kazi ya kusimamia jiko, maana sina kazi ya kunitoa nyumbani. Nikachinjisha mbuzi wawili. Mjukuu wake alipoketi mbele ndipo nikakumbuka: kwao nyama haiguswi. Na somo hilo nililipata nikiwa darasa la tatu.

Mzee alikuwa na kiwanda cha mbao mjini Meru. Lori lake likifika, kijiji kizima kilinukia mwerezi, nasi watoto tuligombania maranda ya kuwashia moto. Alitupa madarasa, akatupa mabati, kisha akaahidi madawati. Tulikuwa tunakalia mawe, na kaptura yangu ilikuwa na madirisha mawili nyuma, kwa hiyo ahadi hiyo ilinihusu sana.

Siku ya kumshukuru, wazee walichinja mbuzi, wakamwekea mbavu, heshima ya mgeni. Akaunganisha viganja.

"Wazee wangu, asanteni. Lakini mimi sili nyama."

Kwetu, anayekataa mbavu amewakataa wenyeji. Wazee wakatazamana, mwalimu mkuu akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi, nami nikayaona madawati yangu yakirudi Meru kabla hayajaja.

Nyanya yangu alivuka ua hadi kwetu, akarudi na sufuria ya mukimo wetu wa jioni, ndizi zilizopondwa na njahi, yale maharagwe meusi, bado moto. Mzee akanawa, akala kwa mkono, akaongezwa, akaongezwa tena. Nyanya akamgeukia mwalimu mkuu: "Muone huyu anavyomega. Wewe na kijiko chako ungemwaga nusu."

Wazee wakacheka mpaka wakaegemea fimbo zao. Zile mbavu tulizila sisi watoto, na sijala tamu kama zile. Madawati yalikuja kabla ya mvua.

Siku hizi kiwanda ni ghala la simiti, lori lile liliisha kwa kutu, na nyanya ametutoka. Harufu ya mwerezi naikuta tu nikiinamia dawati langu la zamani, lile nililolichora jina langu nikachapwa.

Juzi aliyetuokoa ni mama jirani, aliyekimbia kwake akaleta mukimo. Mgeni akala, akaomba zaidi. Mama jirani akanikuta nyuma ya jiko, mdomo umejaa nyama ya mbuzi.

"Wewe baba, usitudanganye," akasema. "Hukuwa unamkumbuka yule mzee. Ulikuwa unakumbuka mbavu."