Fazi Nyekundu ya Mama Mwasiti

Musafiri, fundi umeme wa Ndosho, alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Nyumba aliyopanga na mkewe Asma ilikuwa ya vyumba vingi, na umeme uliingia kwa fazi tatu, yaani nyaya tatu: nyekundu, njano na buluu. Sasa, siku ile volkano ya Nyiragongo ilipotapika moto, nyekundu peke yake ndiyo iliyobaki ikiwaka. Tangu hapo wapangaji wakaapa kwamba ina baraka, na kila mmoja akamsumbua fundi mpaka akaunganishwa huko. Waasi walipouteka mji wa Rutshuru, ndugu wa wapangaji wakakimbilia pale na majiko yao ya umeme, nayo yakaenda nyekundu. Njano na buluu zikakaa bure, na swichi kubwa, kwa kuzidiwa, ikawa inaruka na kuzima kila kitu chakula kikikaribia kuiva.

Mama mkwe wake, Mama Mwasiti, aliyeuza samaki wa barafu katika chumba cha jirani, akaja kusimama mlangoni. Mlangoni tu, maana mwanamke mwenye adabu hakanyagi chumba cha mkwewe.

"Mukwe, frigo yangu ikizimika tena, Asma anarudi kulala kwangu."

 Musafiri alimpenda Asma kupita kiasi. Lakini kuwaambia watu wahame nyekundu? Wangemtafuna mzima! Basi akafungua sanduku la umeme, akagawa mizigo sawasawa: pasi za mshonaji kwenye buluu, majiko huku na huku, frigo ya mama mkwe kwenye njano. Kisha kila waya akauvika utepe mwekundu.

"Bote muko ku nyekundu!" akatangaza.

Swichi ikatulia. Mama Mwasiti akamsifu hadi sokoni, na Musafiri akawa anatembea kifua mbele kama jogoo.

Mpaka Jumamosi moja, njano ilipokatika huko barabarani. Frigo ikanyamaza, utepe wake mwekundu ukiwa palepale. Lakini kwa Musafiri, ambaye chumba chake mwenyewe alikiacha kwenye nyekundu ya kweli, redio iliendelea kuimba.

Mama Mwasiti aliufuata ule muziki. Safari hii hakusimama mlangoni. Aliingia akisukuma frigo mbele yake, akaichomeka, akaketi kitandani.

"Mama... huku ni ku chumba ya mukwe wako," Musafiri akasema, aibu imemjaa.

"Najua, mukwe. Asma hatarudi tena kwangu. Ni miye njo nimekuya."

Asma alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kumletea mama yake godoro.