Nilimjibia Mama Yangu kwa Daktari

Kuna asubuhi moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Ni ile asubuhi daktari asiyejua Kiswahili alipofungua kinywa akanisomea maneno ya mama yangu kwa Kiswahili, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nakueleza leo kwa sababu jana ulinivuta jikoni ukaninong'oneza, "Mama mdogo, baba asijue. Tutamwambia ni uchovu wa neva tu." Maneno hayo hayo niliyasema mimi, nikiwa na umri kama wako.

Maradhi haya haya ya baba yako, bibi yako yalimwanza kwenye ulimi. Maneno yakawa yanamtoka mazito, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, halafu chai ikawa inampalia. Mama yako wakati huo alikuwa masomoni nje ya nchi, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka hospitali kutoka hapa hapa mtaani Ghubra, Maskati. Daktari alikuwa Msudani, mtu mpole wa sauti ya chini, na tukizungumza naye kwa Kiarabu. Akanieleza kuwa neva zinazoendesha misuli zinakufa kidogo kidogo, zimeanza kooni, zitafika mikononi na kifuani, wala hakuna dawa ya kuzirudisha. Kisha akasema nimfasirie mama.

Nikamgeukia mama, nikamwambia neva zimechoka, atapewa vitamini. Kwa daktari nikarudi na Kiarabu changu cha shule, nikamwambia mama yangu ni mwoga, habari hii itamuua kabla ya maradhi yenyewe, na sisi kwetu mgonjwa haambiwi. Mama alikuwa kakaa baina yetu, mikono juu ya mkoba wake, anatazama dirishani.

Hapo kuna jambo lazima ulijue. Bibi yako alikuja Maskati kutoka Unguja akiwa mtu mzima, na Kiarabu hakukisema. Mwanzoni alijaribu, majirani wakamcheka matamshi yake, basi akafunga mdomo. Sokoni tulimsemea sisi, kwa wageni tulimsemea sisi, mpaka ikawa kila mtu anajua kuwa mama hajui Kiarabu. Miaka yote hiyo anakaa na watu wa hapa, kila jioni anatazama habari kwenye televisheni, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza. Werevu wetu ndio huo.

Tulipokwenda mara ya pili, daktari akaleta suala la kula. Alisema koo linalegea, chakula kinaweza kuingia mapafuni, na ni bora mama awekewe mpira mdogo wa kulishia tumboni mapema, kifua chake kikiwa bado kina nguvu. Mimi nikaona ametutukana. Mama yangu alishwe kwa mpira? Watu waseme kazaa, kalea, na watoto wameshindwa hata kumtilia tonge kinywani? Nikamwambia daktari kuwa mama hataki. Daktari akaniuliza kama nimemuuliza mwenyewe. Nikasema ndiyo, kavu kabisa, na mama mwenyewe kakaa pale pale.

Basi nikawa namlisha kwa mkono wangu. Uji wa mchele, bokoboko la ngano na nyama nililoliponda mpaka likawa laini. Wanawake wakija kumtazama walinisifu mbele yake, wakisema siku hizi mtoto gani wa hivi, nami kichwa kikivimba. Mama akila jasho linamtoka kwenye paji la uso, macho yamemkodoka. Mimi nikidhani joto, nikiongeza AC. Siku moja akajikakamua akasema, "Basi." Nikamwambia bado vijiko vitatu tu, mama, jitahidi. Nikampa vyote vitatu. Hilo "basi" ndilo neno la mwisho nililolisikia kwa sauti yake.

Mara ya tatu sauti ilikuwa imeshakwenda yote, na nguo zinampwaya. Daktari akauliza tena habari ya mpira. Nikafungua mdomo kumjibia. Mama akanishika kiganja, akanibana kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo. Akachukua kalamu mezani kwa daktari, akageuza karatasi ya miadi, akaandika upande wa nyuma. Aliandika kama alivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani Unguja alipokuwa mtoto, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na irabu zote kaziweka. Karatasi hakunipa mimi. Alimpa daktari.

Daktari akavaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, herufi anazijua na lugha haijui.

"Nimefahamu yote tangu siku ya kwanza. Nnaogopa kila kijiko. Niwekeeni huo mpira."

Kisha akainua kichwa, akaniuliza kwa Kiarabu, "Anasema nini?"

Niliona mbele yangu kila nililolisema akiwapo: kwamba ni mwoga, kwamba hataki, kwamba nimemuuliza. Yote aliyasikia, na akirudi nyumbani anafungua kinywa nimtilie kijiko. Mama alinitazama bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikamfasiria daktari neno kwa neno, kwa mara ya kwanza kama yalivyo, nikilia.

Mpira uliwekwa, lakini kifua kilikuwa kimeshapungua nguvu, na siku mbili tulikaa roho juu. Kidonda kikapona, akaishi mwaka na kitu bila lile jasho. Nilimuuliza kwa nini hakunionyesha kuwa anafahamu. Akaniandikia, "Nilikuona unaogopa. Nikakungoja." Karatasi zote mbili nnazo kabatini, njoo uzione.

Sasa sikiliza. Sisemi umwagie baba yako habari kama maji ya ndoo. Muulize kwanza anataka kujua kiasi gani. Akisema, "Mambo yote mwachieni mwanangu," hilo nalo ni jibu lake na ulibebe kwa heshima. Lakini lazima liwe lake. Ukienda naye kwa daktari, kaa kimya, wazungumze wao. Akitaka mashine ya kupumulia, aitake yeye. Akitaka kitanda chake na Kurani pembeni, aseme yeye, na watu waache waseme yao. Nenda leo, maana maradhi haya huchukua sauti, na mimi ile miezi mama alipokuwa bado anaweza kusema niliimaliza kwa habari za vitamini.

Mungu amshike mkono baba yako, akupe moyo wa kumsikiliza, na siku atakapokwambia "basi", akujaalie uweke kijiko chini.