Mifupa Niliyompelekea Mama Haikuwa ya Baba

Admin, nifichie jina na kijiji, sema tu ni mzee wa Kibosho. Nina miaka sabini na minne, mke wangu alishatangulia. Nina watoto watano na hakuna hata mmoja anayelijua hili.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa kibarua wa fundi mwashi parokiani kwetu. Saruji ilikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo ilipopatikana tu, kazi ya kupanua kanisa ilikwenda mbiombio. Nyuma ya altare palikuwa na makaburi ya zamani, misalaba yake ya mti ilishaoza yote. Baba alizikwa pale nikiwa na miaka mitano, mdogo wangu bado ananyonya.

Tulipoanza kutoa mifupa, mama alinifuata. "Baba yako alivunjika mguu wa kulia akikata mti, ukaunga vibaya. Utamjua. Usimwache kwenye shimo la wote, mlete kihambani kwake, kwenye migomba ya nyumbani." Nikamwahidi. Paroko naye aliruhusu: atakayemtambua mtu wake amchukue, wengine wawekwe kwenye magunia wakazikwe pamoja.

Malaria ikaniangusha siku tatu. Niliporudi, upande wa baba ulishachimbwa, msingi umemwagwa zege.

"Udongo wa hapa uko wapi?" nilimuuliza fundi.

"Trekta limeubeba. Wamejazia korongo la barabarani."

"Na mifupa?"

"Tuliyoiona tumeiweka guniani."

Nilipekua magunia yote. Hakuna mguu uliovunjika. Nikaenda korongoni na jembe, nikakuta pameshashindiliwa, kina mama wanapita na mikungu ya ndizi kichwani.

Ningemwambia nini mama, aliyekuwa ameshachimba kaburi kwa mikono yake? Nilitoa guniani mifupa ya mtu nisiyemjua, nikaifunga kwenye shuka, nikampelekea. Akaiosha mmoja mmoja. Alipofika kwenye mguu akaupapasa kwa muda mrefu, kisha akaniangalia.

"Kumbe uliunga vizuri," akasema.

Akaifunga tena ile mifupa kwenye shuka, tukaizika. Hadi leo sijui kama aliniamini au alinihurumia. Alipofariki miaka mingi baadaye, tulimzika ubavuni mwa yule mtu, kama alivyoomba.

Sasa mdogo wangu anajengea makaburi yote mawili marumaru. Jina la baba limeshachongwa, na mimi kama mkubwa ndiye nitakayezungumza siku ya kubariki. Halafu kuna bibi jirani yetu, mama yake naye alilala nyuma ya altare. Kila Siku ya Marehemu anawasha mshumaa kwenye lile kaburi la pamoja. Nikimwona natokea mlango mwingine wa kanisa, maana huenda mama yake yuko kihambani kwetu.

Korongo siku hizi ni barabara ya lami. Baba hatoki tena pale. Nikisema ukweli, nitamwacha mama amelala na mgeni mbele ya ukoo mzima. Nikinyamaza, nitamzika baba kwa uongo mara ya pili, tena kwa mdomo wangu.

Ibada ni Jumamosi ijayo. Wanangu mnaosoma hapa, nisimame mbele ya watu niseme nini?