Mama Aliyeita Watu Mlimani

Habari za kifo chake zilinikuta nikinunua makaa. Yule mama wa mtaani kwetu aliyeuza sombe, mboga ya majani ya muhogo, amefariki, nikaambiwa, huku makaa yakipimwa. Niliyaacha palepale, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Tulikutana mwaka ule vita viliposhuka tena kutoka upande wa Rutshuru. Niliingia Goma nikisukuma chukudu, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili, mama yangu mzazi akiwa amelazwa juu yake na malaria kali. Kwenye mlima wa mwisho kabla ya kituo cha afya, nguvu zikaniishia. Desturi ya hapa naijua: mwenye chukudu akifika mlimani huita, na anayepita husukuma. Lakini kule kwetu Kiwanja, nilikokimbia, nilikuwa na shamba, na watu ndio waliokuja kwangu kuomba mbegu. Nikatia jiwe nyuma ya gurudumu, nikatazama chini. Mama yangu anatetemeka, nami nimenyamaza.

Mama mmoja akasimama, beseni la sombe kichwani. Naye alikuwa mkimbizi kama sisi.

“Papa, unangoja nini? Mulima ushuke wenyewe?”

“Ninapumuzika kidogo, mama.”

“Na huyu mwenye analala hapa, naye anapumuzika?” Akatua beseni, akapaza sauti: “Batu ya Mungu, mukuje musukume! Huyu papa iko na mugonjwa, tena iko na haya. Haya yake ndiyo itamuua mugonjwa kabla ya homa!”

Watu walicheka, wakaja, wakasukuma. Masikio yalinichoma mpaka tulipofika juu. Mama yangu alipona.

Baadaye tukawa majirani. Alikuwa akiomba kila kitu: chumvi, kaa la moto, mtu wa kumshikia kamba ya kuanikia nguo. Mwanzoni nilidhani hana haya. Kumbe kila nyumba aliyoiomba ilipata ruhusa ya kumwomba yeye. Vita vimetuzoeza kupanga mstari wa msaada na kupokea bila kusema neno. Kumtazama jirani machoni na kumwambia “nisaidie” ni kazi nyingine, na wengi wetu tuliokuwa na mashamba imetushinda. Mficha uchi hazai, walisema wazee. Sisi tumeificha hata njaa.

Siku ya mazishi gari lilikomea chini, kwenye mawe ya volkano. Makaburi yako juu. Tulikuwa wachache na wazee, kwa maana majirani wengi vita vimewatawanya. Tuliinua jeneza, tukapiga hatua kidogo, tukalitua. Wingu la mvua lilikuwa limeshakaribia. Barabarani watu walikuwa wakipita, wengine wakivua kofia, na sote tukatazama chini. Neno la kuwaita nililijua. Masikio yakaanza kuchoma kama siku ile. Nikaona aibu kwamba yeye, aliyeniitia watu bila kunijua, atalowa mvua njiani kwa sababu ya mdomo wangu.

“Batu ya Mungu,” nikasema, kwa sauti ndogo kwanza, kisha kwa nguvu, “mutusaidie!”

Waashi waliokuwa wakijenga kando ya barabara waliacha ukuta wao wakaja. Mama mmoja muuza ndizi akaniuliza, “Sasa muzee, mulikuwa munangoja nini?”

Niliweka bega langu kati ya mabega ya watu nisiowajua, tukapanda. Haya yangu haijaisha, na pengine nitazikwa nayo. Ila siku ile nilijua kwamba haya haina bega. Haijawahi kumbeba mtu.