Vibanio vya Jumatatu

Kila Jumatatu mama mmoja wa makamo, kucha fupi na sauti ya chinichini, alisimama mezani kwa binti muuza vibanio vya nywele, na kila Jumatatu alivikataa vyenye maua. Alitaka vyeusi, vya kawaida. Kila kimoja alikijaribu kwa mkono wa kushoto tu: anakifungua, anakibana juu ya sikio, anatikisa kichwa. Kikidai mkono wa pili, anakirudisha. Aliondoka na sita kichwani. Wiki iliyofuata alirudi na kimoja. Binti, mwenye mimba yake ya kwanza, uvumilivu ulimshinda.

"Mama, kwani unavila?"

"Vina miguu, mwanangu," akajibu, akaenda zake.

Siku uchungu ulipomshika, binti alifikishwa wodini nywele zimemganda usoni kwa jasho. "Shika hapa, mwanangu," mkunga akamwambia kwa sauti ileile ya chinichini, akampa mkono wa kulia. Binti akaung'ang'ania utadhani anazama. Mkono wa kushoto ukapanda kichwani mwa mkunga, ukachomoa kibanio, ukazirudisha nyuma zile nywele, ukazibana, ta! Binti akageuza uso. Kwenye kitanda cha jirani, mzazi alikuwa amelala na kichanga chake, kibanio cheusi juu ya sikio.